Supu Si Dawa

Lanzhou, 12 Oktoba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Min haijaanza kuyauma magoti yako, na kwamba Mama Hou jirani bado anakupikia na bado anakugombeza. Sisi hapa hatujambo. Kaiping amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo siku hizi mimi na mume wangu tunakula chakula cha jioni pamoja kama watu waliooana. Mwanetu Lei ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Juni. Mwezi wa nane nililazwa hospitali. Ilikuwa tumbo tu, kivimbe kidogo, wamekitoa, yamekwisha. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungepanda basi siku hiyohiyo na magoti yako hayo. Shule wamenipa likizo mpaka mwezi ujao. Kilichobaki ni unyonge. Nyumba yetu iko ghorofa ya nne, na siku niliyotoka hospitali nilipumzika mara tatu kwenye ngazi kabla ya kufika mlangoni. Sasa napumzika mara moja. Uso nao umepoteza rangi. Kaiping anasema nafanana na tambi zilizosahauliwa kwenye maji.

Usijisumbue kutuma chochote, tafadhali.

Mpwa wako,
Ruozhen


Min, 30 Oktoba 1996

Ruozhen binti yangu,

Marahaba. Magoti yanauma, Mama Hou anagombeza, kwa hiyo ujue kila kitu kiko sawa. Mavuno ya danggui mwaka huu ni mazuri. Mji mzima unanuka mizizi, hata mkate unanuka mizizi, hata pesa za noti. Mwambie Lei hata mimi sina meno ya mbele na nacheka mbele ya yeyote.

Unaniambia nisitume kitu kana kwamba hunijui. Mwanamke akipasuliwa anapoteza damu, na wewe unajua watu wa kwetu wanairudisha damu kwa kitu gani. Natuma kilo moja ya danggui, mizizi minene niliyoichagua kwa mkono wangu. Kata vipande vyembamba, chemsha na nyama ya kondoo na tangawizi, kunywa bakuli moja kila siku. Wala usiseme unatumia dawa. Hiki ni chakula. Mama yako alikinywa alipokuzaa.

Lakini kuna jambo sijalielewa. Umepasuliwa tumbo halafu unatweta kwenye ngazi? Tumbo na ngazi wapi na wapi? Niambie walipasua wapi hasa. Na yale maumivu ya viungo ya utotoni, yamewahi kurudi?

Mjomba wako,
Luo Jingtang


Lanzhou, 2 Desemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo. Lei ameota jino moja, anabenua mdomo kutwa nzima ili lionekane. Mimi nimerudi darasani, nafundisha hesabu kama zamani, ila nafundisha nikiwa nimekaa.

Kifurushi kilifika. Asante sana, Mjomba. Kaiping ndiye mpishi. Ameikamata hiyo supu kama kazi ya serikali. Mashavu yamepata rangi, hata mwalimu mkuu amelisema. Harufu inatoka nje ya mlango, majirani wanauliza nani kajifungua.

Naomba nikuulize jambo la mtu mwingine. Kuna mwalimu mwenzangu wa jiografia. Anavilia damu mwilini bila kugongwa. Asubuhi anaamka ana baka la zambarau pajani, kesho lingine mkononi. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu. Hajaumia popote. Hii maana yake nini? Wewe ungempa nini?

Kovu linapona vizuri. Viungo haviniumi.

Mpwa wako,
Ruozhen


Min, 21 Desemba 1996

Ruozhen,

Marahaba. Huku maji yameganda ndooni. Mama Hou ana kikohozi kisichotaka kuondoka, nimeanza kumpa kinywaji cha urukususu, ule mzizi mtamu, anasema ni kitamu kuliko mimi.

Huyo mwalimu wako wa jiografia mwambie hivi. Damu ikionekana chini ya ngozi bila mtu kuumia, ni damu iliyotuama. Haitembei, ndiyo maana inatafuta pa kutokea. Dawa yake ni kuifanya itembee. Mimi ningempa danggui, na ningeongeza.

Na wewe pia ongeza, ufanye mabakuli mawili kwa siku. Natuma kifurushi kingine. Utakuta humo vipande vya mzizi mwekundu. Usishangae, nimeviweka kwa ajili ya rangi ya supu tu. Mwambie Kaiping avichemshe pamoja na vingine.

Nilikuuliza umepasuliwa wapi. Umeniambia kovu linapona. Kovu lililo wapi? Nimekulea tangu ukiwa na miaka mitano, Ruozhen. Ukitaka kunificha kitu, jibu maswali yote mawili ili nisione.

Mjomba wako,
Luo Jingtang


Lanzhou, 16 Februari 1997

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa jadi, japo nimechelewa. Tulikula vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi tulikuwa tunajiandaa kwenda kwa wazazi wa Kaiping, nikainama kufunga viatu, damu ikaanza kutoka puani. Nilidhani ni baridi. Nikabana pua, nikainamisha kichwa, nikainua kichwa, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Saa tatu nzima, Mjomba. Lei alikuwa ananiletea taulo moja baada ya nyingine. Mwisho Kaiping alinibeba mgongoni ghorofa zote nne mpaka chini.

Hospitali walinipima, na Daktari Meng, mwanamke anayenishughulikia, akaniuliza kama nimekosea kumeza vidonge. Nikasema sijakosea. Akauliza kama natumia dawa za mizizi. Nikasema hapana. Akatazama karatasi ya vipimo, akanitazama mimi, akasema haelewi. Akanipunguzia dawa kwa nusu. Mimi pia sielewi. Nafuata kila nilichoambiwa, na mwili unafanya lake.

Supu imekwisha tangu wiki ile. Kaiping anauliza kama kuna nyingine njiani, maana rangi ya mashavu imeanza kutoroka tena.

Yule mwalimu wa jiografia hajambo.

Mpwa wako,
Ruozhen


Min, 9 Machi 1997

Ruozhen,

Barua yako imenikuta jana. Barabara iliporomoka mahali pawili na basi la posta lilikaa siku kumi na tisa bila kupita. Kifurushi nilichotuma Februari kimerudishwa hapa kimelowa. Nimetupa, nimefunga kipya, kinaondoka kesho.

Dawa gani amekupunguzia? Mtu aliyetolewa kivimbe tumboni mwezi wa nane anameza vidonge gani mpaka mwezi wa pili? Nimeliuliza swali hilo dukani kwangu kwa sauti, peke yangu, na Mama Hou akaingia akaniuliza naongea na nani.

Nasikia pua yako ikitoka damu na sijui niongeze au nipunguze. Miaka arobaini katika kazi hii na sijui. Jibu upesi.

Mjomba wako,
Luo Jingtang


Lanzhou, 27 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Mimi ni mzima, naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kama herufi zimelala kidogo utajua sababu hivi punde. Lei na Kaiping ni wazima.

Tarehe kumi na nne Machi nilikuwa darasani. Niliandika ubaoni saba mara nane, nikageuka niwaulize wanafunzi, neno halikutoka. Nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa najua hata kwamba silisemi. Chaki ikaanguka kutoka mkono wa kulia, nikautazama mkono kama wa mtu mwingine. Watoto wakacheka, wakidhani ni mzaha. Nusu saa baadaye maneno yalirudi, yakaja moja moja. Hospitali walisema bonge dogo la damu iliyoganda lilipanda kichwani, likapita bila kuharibu sana. Daktari Meng alikasirika. "Februari damu yako ilikuwa maji, Machi imekuwa uji," akasema. "Dada, unanichezea?" Akanirudishia dawa yote na kuongeza kidogo.

Tarehe mbili Aprili kifurushi chako kikafika. Kaiping akafurahi, akachemsha siku hiyohiyo, mabakuli mawili kama ulivyosema. Siku ya tisa fizi zikaanza. Siku ya kumi mkojo ukawa mwekundu kama chai. Nikalazwa tena.

Sasa sikia. Siku ya tatu wodini Kaiping akaja na kopo lake la chakula, akafungua kifuniko. Daktari Meng alikuwa kitanda cha mwisho. Akaacha alichokuwa akifanya, akaja akinusa kama paka.

"Hii nini?"

"Supu," akasema Kaiping.

"Supu gani inanuka duka la dawa mpaka kule dirishani?"

"Ya kondoo, Daktari. Na danggui kidogo. Anakunywa tangu Novemba."

Daktari akakaa kitandani kwangu, juu ya miguu yangu kabisa. "Nimekuuliza mara ngapi kama unatumia dawa za mizizi?"

"Nyingi," nikasema. "Lakini hii si dawa. Ni chakula."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu! Hata wewe umekunywa ulipojifungua, usinidanganye."

Wodi nzima ikacheka. Yeye pia alicheka, halafu akaacha. "Nimekunywa. Mama yangu alinipikia mwezi mzima. Ila mimi sina chuma moyoni."

Basi umeshasikia, Mjomba. Si tumbo. Mwezi wa nane walinipasua kifua, wakaniwekea vali ya chuma, kile kilango cha damu moyoni, kwa sababu yangu mwenyewe ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Mtu mwenye chuma hicho lazima ameze kila siku kidonge cha kuzuia damu isigande juu yake, maisha yote. Jina lake ni warfarini. Daktari Meng alinichorea. Kikizidi, unavuja damu. Kikipungua, damu inaganda. Njia ya katikati ni nyembamba, na wanaijua kwa kupima damu tu. Anasema danggui nayo inaweza kusukuma upande uleule wa kidonge. Nilipokunywa supu nilikuwa kama ninameza kidonge na nusu bila mtu kujua, wakanipunguzia. Supu ilipokwisha nikabaki na nusu kidonge, damu ikaganda. Wakaniongezea, na supu ikarudi. Mlikuwa mnavutana, wewe upande wako, yeye upande wake, na kamba ni mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua kuna mwenzake.

Mwalimu wa jiografia hayupo. Ulikuwa unajua, nadhani.

Halafu Daktari akachukua kijiko, akavua kipande chekundu kwenye kopo. Akakigeuza. "Na huu je?" Kaiping akasema ni wa rangi. Daktari akasema huu ni danshen, wala hauwekwi kwa ajili ya rangi, na ndio anaouogopa kuliko danggui yenyewe kwa mgonjwa wa warfarini. Akauliza nani kauweka. Nakuuliza wewe, Mjomba. Ulijua nini?

Nawe utaniuliza kwa nini nilificha. Tafadhali usiniulize.

Mpwa wako,
Ruozhen


Min, 11 Mei 1997

Ruozhen,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilidhani imeandikiwa mtu mwingine.

Kabla ya yote: acha supu, acha danggui, acha danshen, acha na chai yoyote ya mizizi atakayokuletea jirani kwa wema. Vidonge usiache wala usipunguze mwenyewe. Andika kwenye karatasi kila kitu unachotia mdomoni, mpelekee daktari, hata kama unaona ni kichekesho. Najua hayo ameshakuambia. Nataka uyasikie na kwangu.

Danshen niliiweka mimi nikijua. Uliponiandikia habari ya ngazi, nilijua ni moyo. Nimeona watu wengi wanaotweta hivyo. Nikasema huyu ananificha, basi na mimi nitamtibu bila kumwambia, moyo upate nafuu na yeye abaki na siri yake. Nilijiona nina akili. Uliponiambia damu inavilia, vitabu vyangu vyote vilisema damu imetuama, isukumwe. Nikasukuma. Sikuuliza kama kuna mwingine anayesukuma. Hata vitabu vyetu vya kale vinaorodhesha mizizi isiyopikwa chungu kimoja, na mimi naikariri orodha hiyo tangu nina miaka kumi na tano. Sikuwahi kufikiri kwamba kidonge cheupe nacho kimo chunguni.

Juzi nilimwuliza Mama Hou kama anameza chochote cha hospitali. Akanijibu, "Hayakuhusu." Nikamwuliza tena. Akatoa mfukoni vidonge vya shinikizo la damu, anavimeza tangu mwaka juzi, na mimi nampa urukususu tangu Desemba. Miguu yake imevimba na nilikuwa nikiulaumu uzee. Nimesimamisha urukususu na kumpeleka kliniki ya wilaya. Huko njiani alinitukana vizuri, lakini alikwenda. Shinikizo lilikuwa juu mno, na daktari wa huko akasema urukususu hulipandisha. Kwa hiyo sijui ni wangapi wengine. Nimekaa dukani na kuwahesabu wateja kichwani, nikaacha kuhesabu.

Umeniomba nisiulize kwa nini ulificha. Siulizi. Nasema mwenyewe, wewe utaniambia kama nimepatia. Majira ya baridi ya mwaka 1973, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Koo, halafu homa, halafu magoti yakavimba, halafu vifundo vya mikono. Mwalimu wako alikuja nyumbani akasema upelekwe hospitali ya wilaya ukadungwe sindano. Nilimwambia nyumba hii ina mganga tayari. Nilikupa dawa siku arobaini, uvimbe ukaisha, nikachinja kuku, nikawaambia majirani umepona.

Ni homa ile iliyokula moyo wako? Ndilo ulilokuwa unanificha?

Usinijibu kwa upole. Tumeshafanyiana upole wa kutosha.

Luo Jingtang


Lanzhou, 25 Mei 1997

Mjomba,

Shikamoo. Damu yangu imepimwa wiki tatu mfululizo na haijayumba. Nimeruhusiwa kurudi darasani nusu siku. Daktari Meng amesema tusishangilie bado, kwa sababu hata sasa hajui kipi kilifanya nini, danggui, danshen, au vyote na baridi na wasiwasi juu yake. Hilo nimelipenda kwake: akiwa hajui, anasema.

Swali lako. Niliulizwa mwaka jana, kabla ya upasuaji, kama niliwahi kuugua homa ya viungo nikiwa mtoto. Nikasema ndiyo. Nikamwuliza Daktari Meng kama sindano zingeniokoa. Akasema huenda zingesaidia, huenda moyo ulikuwa umeshaguswa, hakuna awezaye kujua baada ya miaka ishirini na tatu. Nikambana aseme jambo moja. Akasema, "Angekuwa binti yangu, ningempeleka akadungwe."

Kwa hiyo ndiyo, Mjomba. Ndilo nililokuwa nakuficha. Nilikaa nalo tangu Agosti. Nilikuwa nikiamka asubuhi nimekukasirikia, halafu nakunywa supu yako na kukushukuru, na vyote viwili vilikuwa kweli. Siwezi kuvitenganisha hata sasa. Nakumbuka siku zile arobaini ulilala sakafuni karibu na kitanda changu, kila nikifumbua macho nakuona. Nakumbuka pia mwalimu akiondoka kwenye theluji. Sijui niweke lipi mbele.

Nilimsomea Daktari Meng barua yako, sehemu ya Mama Hou. Akaniomba niirudie. Anasema wodini kwake nusu ya wagonjwa wana kopo la supu chini ya kitanda, na wote wakiulizwa wanasema hawatumii dawa, kama mimi. Anataka mtu anayeijua mizizi kwa kuinusa, aje akae naye siku mbili tatu wapitie majina, ipi na kidonge kipi. Nilimwambia mjomba wangu ni mkali na anaamini vitabu vyake. Akasema, "Vizuri, na mimi naamini vyangu, tutagombana."

Anakungoja Jumatano ya tarehe kumi na moja Juni. Kaiping atakuja kituoni kukupokea, na mimi nitakuwa naye. Ukishuka kwenye basi huenda nikalia, huenda nikakufokea mbele ya watu. Nimejaribu kupanga nitakachosema, sijaweza. Wewe njoo hivyohivyo.

Ruozhen